Nitapanda Likinyamaza

2 Machi

Mvua imeanza leo na gari limeanza kugonga leo. Sijui kama mambo haya mawili ni ndugu au yamekutana tu njiani.

Nilikuwa natoka kwa mdogo wangu, kule juu mlimani anakoishi na mumewe na mizinga yao ya nyuki. Mama alikuwa kiti cha mbele, amepakata kapu la mboga. Tulipoanza kushuka mteremko wa mawe nikakanyaga breki, na chini ya miguu yetu kukatoka mlio: ngo. Mmoja tu, mzito, kama mtu amegonga mlango mara moja halafu akaghairi. Nikaachia breki, nikakanyaga tena. Kimya. Mbele kidogo, kwenye shimo, ngo.

"Nimesikia," Mama akasema.

"Umesikia nini?"

"Hichohicho ulichosikia wewe."

Gari lenyewe ni refu, zee, linavuta kwa magurudumu yote manne, na ndilo linaloniweka mjini. Mimi ni daktari wa mifugo. Wagonjwa wangu hawaji kwangu, nawafuata mimi, na wengi wanaishi mahali ambapo barabara ni jina tu. Kwa hiyo milio ya gari hili naijua yote: mkanda unapolia asubuhi, mlango wa nyuma unapolalamika, viti vinavyonong'ona. Huu siujui, na haunipendezi.

3 Machi

Halikugonga. Labda lilikuwa jiwe.

4 Machi

Halikuwa jiwe.

6 Machi

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na kama walimu wote wa hesabu anaamini kila swali lina jibu kwenye kurasa za mwisho. Leo amevaa koti la mvua, akatoka uani kulitafuta jibu. Amebonyeza boneti kwa mikono miwili, gari likapanda na kushuka kama linaitikia amri. Amepiga mateke tairi. Ameendesha kuzunguka nyumba, akarudi na uso wa ushindi.

"Sijasikia kitu."

"Hapa uani hakuna mteremko."

"Subiri, nimeona kitu kingine." Akainua kiti cha nyuma akaitoa jeki, ambayo kweli ilikuwa inacheza kwenye sehemu yake. Akaizungushia blanketi kuukuu, akaifunga kamba, akairudisha kwa upole kama anamlaza mtoto. "Tatizo limekwisha."

Jioni tulikwenda sokoni wote watatu. Kwenye mtaro wa kwanza, ngo.

"Nimesikia," Mama akasema.

"Sijasikia kitu," mume wangu akasema.

Gari moja, mtaro mmoja, na mimi katikati sijui nimwamini nani. Masikio yangu mwenyewe nimeanza kuyatilia shaka.

9 Machi

Leo naandika kwa mkono mzito.

Nilikwenda kwa mdogo wangu peke yangu. Mimba yake imefikia miezi minane. Wiki iliyopita daktari wa hospitali ya mjini alimweleza wazi kwamba mtoto amelala kikingamo, hatageuka tena, na hawezi kuzaliwa ila kwa upasuaji. Upasuaji umepangwa siku za kwanza za Aprili. Uchungu ukimwanza kule juu kabla ya hapo, hakuna wa kumsaidia, na hilo daktari hakulificha. Kwa hiyo tumepanga ashuke mapema akae kwangu, maana mvua ikikolea ule mteremko haupitiki isipokuwa kwa gari kama langu.

Nilimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, gari lako linagonga."

"Umesikia kutoka wapi?"

"Hapa nilipo. Ulipokata kona ya kisima. Ngo, kisha ngo."

Nikamwambia ni kitu kidogo, fundi ataangalia. Akanitazama kwa macho ambayo nayajua tangu yuko mtoto, yale ya kutokubali kudanganywa hata kwa upendo. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwenye mteremko huohuo, ndani ya tela la trekta, mawe yakimrusha huku na huku. Alikuwa anakimbizwa hospitali kwa homa tu. Hapendi kulizungumzia, na leo pia hakulizungumzia. Alisema tu:

"Mimi nitapanda likinyamaza."

"Na lisiponyamaza?"

"Basi utanikuta hapahapa."

Shemeji alikuwa nyuma yake anajifanya kufuta chungu cha asali ambacho kilikuwa safi tayari. Nimerudi nyumbani nikisikiliza kila jiwe, na sasa nachanganyikiwa zaidi, kwa sababu njia nzima ya kurudi gari halikutoa sauti hata moja.

12 Machi

Nimempelekea fundi. Watu wote wanamwita Subiri. Si jina alilopewa na wazazi, ni neno analoanzia kila sentensi.

Gereji yake imekuwa ziwa. Lile shimo lake la kufanyia kazi, ambalo alilichimba mwenyewe na kulijengea kwa saruji na ngazi, ambalo wakati wa kiangazi huwaonyesha wateja kama mtu anayeonyesha sebule mpya, limejaa maji hadi ukingoni, na vyura wamehamia bila kodi. Kwa hiyo ameliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi za chuma, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani kama miguu ya mtoto kwenye kiti cha watu wazima.

"Subiri, Daktari. Usiniambie ugonjwa, nitaupapasa mwenyewe."

Akaingiza mtaimbo kati ya chuma na chuma, akasukuma. Nikaona mkono wa chini wa gurudumu ukisogea mahali ambapo hautakiwi kusogea. Akaniita nilale kwenye turubai nitazame. Pale mkono unapoungana na fremu ya gari pana bushi, yaani mpira mnene wa duara wenye bomba la chuma katikati, na boliti inapita ndani ya bomba hilo. Mpira ulikuwa umechanika pande zote. Ukishika breki, mkono unarudi nyuma na kugonga chuma. Ngo.

Nilitaka kumkumbatia. Akabadilisha bushi zote nne za mbele, akakaza boliti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akalishusha gari.

"Subiri, usiseme asante kwanza. Kaendeshe."

13 Machi

Kimya.

15 Machi

Kimya kabisa. Nimeimba njia nzima kwenda kumzalisha mbuzi. Mume wangu anasema ni jeki.

17 Machi

Nilikwenda na Mama kumchukua mdogo wangu leo. Niandike yote, maana nisipoandika nitalia.

Alikuwa tayari. Begi limefungwa, ameaga nyuki, kisha ndipo akamwita mumewe, kwa mpangilio huo, shemeji akalalamika. Alikaa kiti cha mbele, Mama akahamia nyuma, shemeji akakaa pembeni ya Mama akiwa ameshika begi kama tiketi. Tukatoka getini taratibu. Nilisogea kama nimebeba maji kwenye sahani. Tukapita kona ya kisima, kimya. Nikaona mabega ya mdogo wangu yanashuka. Akaanza hata kuniambia jina wanalolifikiria.

Tulipofika mwanzo wa mteremko nikashika breki.

Ngo.

Hakuna aliyesema kitu, hata Mama. Nikajikaza, nikaachia gari lisogee, nikashika tena. Ngo, na safari hii usukani ukavutwa kushoto mkononi mwangu.

"Simama, dada."

"Mdogo wangu, ni mlio tu, gari halitaanguka..."

"Wewe unajua kwamba halitaanguka?"

Sikujua. Nikasimamisha gari. Akafungua mlango, akateremka polepole, mkono mmoja tumboni, akachukua begi lake kutoka kwa mumewe na kuanza kurudi kwa miguu kwenye matope. Shemeji akamkimbilia kumnyang'anya begi. Sikumkasirikia hata kidogo. Hasira zangu zote nilimwekea fundi.

18 Machi

Nimemkuta Subiri asubuhi nikamwaga yote. Kwamba ni tapeli, kwamba mpira hauwezi kuisha kwa siku tano, kwamba mdogo wangu yuko mlimani kwa sababu yake. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema hata subiri.

Kisha akapanda gari tukaenda kulijaribu. Barabara ya lami, kimya. Barabara ya changarawe nyuma ya gereji, kimya. Nikashika breki kwa nguvu mpaka akaegemea dashibodi. Kimya! Hata kikohozi hakuna.

"Daktari, sisemi unaongopa..."

"Usiseme."

Nilipomshusha na kugeuza gari, ngo. Nikapiga honi arudi. Akarudi mbio. Kimya.

20 Machi

Leo amebadilisha vile vifimbo vifupi vya stabilaiza vinavyozuia gari kulala upande kwenye kona. Ameviona vinacheza. Pia amekaza shokapu na kuangalia boli jointi, vile viungo vya duara vya magurudumu. Anafanya kazi kwa bidii, na mimi namsimamia nyuma kama askari. Alikuwa rafiki yangu mwezi uliopita. Sasa kila akipapasa chuma nawaza kwamba anabahatisha.

21 Machi

Ngo.

22 Machi

Mvua. Ndama watatu. Ngo mara nyingi.

23 Machi

Ni zilezile bushi. Zimechanika tena, zote mbili za mikono ya chini, mpya kabisa, bado zina alama ya kiwandani. Subiri amezishika mkononi akakaa juu ya tairi kuukuu. Nimemwona amezeeka.

"Mpira feki," nikamwambia. "Aliyekuuzia kakuingiza mjini."

"Subiri. Bushi hizihizi, duka hilihili, nilimfungia mwuza mbegu mwezi wa nane. Gari lake ni pacha wa hili lako. Anapita barabara mbaya kuliko wewe, anabeba magunia. Mpaka leo halijatoa mlio."

"Sasa lake lina nini na langu lina nini?"

"Ningekuwa najua ningekuwa nakutazama hivi?"

Mume wangu alimfuata mwuza mbegu kumwomba gari. Hakumkuta: mwenyewe amesafiri nalo mbali, hatarudi kabla ya katikati ya Aprili.

24 Machi

Mume wangu amesafiri mpaka mji mkubwa akaleta bushi nyingine, za kampuni nyingine, za duka lenye vioo na mlinzi. Subiri amezifunga, gari juu ya stendi, vyura wakishangilia. Amekaza safari hii kwa spana yenye bomba refu, mimi mwenyewe nimeongezea nguvu.

25 Machi

Kimya. Siimbi.

27 Machi

Ngo. Nilikuwa peke yangu, nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikazima injini na kukaa tu. Ng'ombe walinipita. Mchungaji wao akaniuliza kama nimekwama, nikamwambia sijui.

Nimefika nyumbani nimewaka. Mume wangu alikuwa anasahihisha madaftari.

"Linagonga tena."

"Juzi mimi sikusikia kitu."

"Husikii au hutaki kusikia?"

"Nasema sijasikia kitu."

Nilimwambia maneno. Kwamba kwake ndugu yangu ni hesabu tu isiyomhusu. Kwamba amejitia hamnazo tangu mwanzo, akafunga jeki blanketi, akarudi kwenye madaftari yake. Aliendelea kuweka tiki, na baadaye niliona ameweka tiki kwenye majibu ambayo hata mimi nayajua si sahihi. Sijui nimeishi na nani miaka yote hii.

Shemeji ametuma ujumbe kwamba maji yamekula kingo za mteremko. Trekta limeshindwa kupanda. Upasuaji ni tarehe 4.

29 Machi

Mifugo haijui kama mtu ana matatizo. Leo nimeitwa kurudi kwa ndama niliyemfunga bandeji jana. Aliteguka goti la mbele. Jana nilimfunga akiwa amelazwa chini kwenye nyasi, mwenye ndama, mama mmoja mnene mwenye kicheko, akimshikia mguu umekunjwa ili asipige teke. Nilifunga vizuri, ngumu, nikajisifu.

Leo bandeji yote imechanika, na mguu umevimba mahali ilipombana.

"Daktari," yule mama akasema, "mguu ulimfunga umekunjwa. Yeye si akasimama? Ataunyoosha vipi?"

Nilicheka kwa aibu. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kiungo kinafungwa kikiwa katika hali ambayo mnyama atasimama nayo. Tukamsimamisha, nikafunga upya, akatembea.

Niko njiani kurudi, nimevuka mto, mkono wangu uko kwenye gia, ndipo nikaanza kusikia maneno ya yule mama upya. Mguu ulimfunga umekunjwa. Nikaona magurudumu yangu yananing'inia hewani kule gereji. Sijui kama ninachowaza kina maana au nimechoka tu. Magari si ng'ombe. Kesho nitauliza, na nikichekwa nichekwe.

30 Machi

Sikuchekwa.

Nilimkuta Subiri anakunywa chai chini ya bati linalovuja.

"Gari la mwuza mbegu ulilifanyia kazi wapi?"

"Shimoni. Ilikuwa kiangazi."

"Likiwa limesimama kwa miguu yake?"

"Si lilikuwa juu ya shimo? Lingesimama kwa miguu ya nani?"

"Na langu?"

Kikombe kikabaki hewani.

Tukaliinua gari palepale. Akalegeza boliti ya mkono mmoja, akaikaza tena, magurudumu yakining'inia kama siku zote. Nikachukua chaki, nikachora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye bomba la katikati, juu ya mpira, mpaka kwenye chuma cha nje. Kisha tukashusha gari, mimi na yeye tukalala kwenye matope kichwa kwa kichwa tukachungulia. Mstari haukuwa mstari tena. Ulikuwa umepinda kama mtu aliyevutwa mkono akiwa bado amesimama. Bomba la katikati limebanwa na boliti, halisogei. Mkono umepanda gari liliposhuka. Mpira ulio kati yao umesokotwa, na hapo hata hatujatembea. Juu ya hapo uongeze mashimo na mawe ya siku mbili tatu.

Subiri akabaki amelala palepale anatazama juu.

"Aliyenifundisha kazi," akasema, "alikuwa akinipiga kofi nikikaza kabla gari halijasimama chini. Sikujua kwa nini. Halafu nikachimba shimo, na shimoni gari liko chini siku zote, nikasahau kwamba ilikuwa ni sheria."

"Mimi ndama kanikumbusha."

"Subiri. Ndama yupi?"

Tukacheka mpaka matope yakatuingia mdomoni. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya tapeli. Akasema aliyasahau, jambo ambalo si kweli.

Lakini furaha imekatika upesi. Bushi nzima anazo, jozi moja ya mwisho. Kuzikaza gari likiwa chini ndiyo shughuli, kwa kuwa chini ya gari hakuna nafasi ya kuzungusha spana ndefu. Tumejaribu kuweka magogo chini ya magurudumu ili lipande kidogo, ardhi ikayameza magogo. Kilichobaki ni shimo, na shimo lina maji.

31 Machi

Tumelikausha.

Pampu ya Subiri imekufa, kwa hiyo ndoo. Subiri ndani ya shimo, maji kifuani, mimi juu, Mama juu ya tairi anatupangia kazi kama mnyapara. Mvua nayo inanyesha, tunatoa ndoo mbili mbingu inarudisha moja. Hatukuwa tumefika hata robo nilipoona mtu anakuja kutoka upande wa shule, kiatu cheusi, suruali iliyopigwa pasi, mfuko wa madaftari begani. Mume wangu aliweka mfuko chini ya bati, hakuvua hata viatu, akashuka ngazi na kuingia majini.

Akaanza kuchota. Baadaye, Subiri alipokwenda kutafuta turubai la kufunika shimo, mume wangu akanipa ndoo na kuishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Nilikuwa nasikia," akasema.

"Nini?"

"Ule mlio. Nimeusikia tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unaniingia mpaka kwenye meno."

"Sasa kwa nini ulikuwa unanifanya mwendawazimu?"

"Wewe ulikuwa unaogopa. Nilifikiri tukiogopa wote wawili, hakuna atakayepanda mlimani kumchukua."

Nilitaka kumpiga na ile ndoo. Nilikuwa na hasira na huruma kwa wakati mmoja, na bado sijui kipi kilikuwa kikubwa. Mwezi mzima nimemhesabu kama mtu asiyejali, kumbe alikuwa amebeba hofu peke yake, na akaibeba vibaya.

"Siku nyingine ogopa na mimi," nikamwambia. "Ni nafuu."

Alasiri tukalisukuma gari juu ya shimo, bushi mpya zimeshaingia, boliti zikiwa zimelegea. Subiri akateremka chini na spana yake, akasubiri gari litulie kwa miguu yake yote minne, kisha ndiyo akakaza. Chura mmoja alikuwa bado ngazini.

2 Aprili

Asubuhi nililipitisha gari kwenye kila shimo la mtaa huu mpaka majirani wakatoka kuangalia nina nini. Kimya. Sikuamini. Nililinyamazia nalo likaninyamazia.

Tumepanda mimi, mume wangu na Mama. Mteremko ulikuwa umeliwa upande mmoja kama shemeji alivyosema, maji mekundu yanapita katikati ya mawe. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Niliona amefumba macho tulipokata kona ya kisima. Akasikiliza mpaka nilipozima injini.

"Geuza, urudi mpaka kisimani, uje tena," akasema.

Nikageuza, nikarudi, nikaja tena. Akamwita mumewe alete begi.

Kuteremka, mume wangu alitembea mbele ya gari kwa miguu, kwenye mvua, akinionyesha mawe kwa mkono. Mdogo wangu alishika mkono wa Mama. Nikafika palepale tuliposimama siku ile. Nikashika breki, mwili wangu wote ukiusubiri ule mlio. Gari likainama mbele, likatulia, usukani ukabaki mkononi mwangu. Nikaachia, nikashika. Nikasikia mvua kwenye bati, pumzi za mdogo wangu, maji yanayopita chini yetu, na hakuna kingine.

"Endelea, dada," akasema. "Unachelewesha mtu."

4 Aprili

Wamemwingiza saa nne asubuhi. Sisi tumeachwa kwenye korido ndefu yenye mabenchi ya mbao na mlango wa rangi ya kijivu ambao mtu hapiti bila kanzu ya kijani. Shemeji alikaa karibu kabisa na mlango. Mume wangu alikuwa na madaftari mapajani, hajafungua hata moja. Mama alikuwa amelaza kichwa upande, sikio lake likielekea mlangoni.

Mimi nimewapasua ng'ombe wengi. Najua inachukua muda gani. Najua pia saa ambayo mtoto anatakiwa awe ametoka, na nikaiona saa hiyo inapita kwenye ukuta. Mle ndani tulisikia vyuma vikiwekwa kwenye trei, tukasikia daktari akisema neno fupi, kisha tukasikia viatu vikienda haraka. Kisha kimya.

Mwezi mzima nimeomba kimya. Nimekililia, nimegombana na mume wangu kwa ajili yake, nimemtukana fundi, nimechota maji kwa ndoo ili nikipate. Na sasa kilikuja, kikajaa korido nzima, na sikukitaka. Niliuma kiganja changu. Shemeji aliinuka, akakaa, akainuka. Nilikuwa tayari kusikia chochote, mlio wowote ule, hata mbaya.

Kisha nyuma ya ule mlango kitu kikakwaruza kidogo, kikakatika, kikaanza tena, kikapanda, kikawa sauti, sauti yenye hasira na nguvu ya mtu aliyetolewa mahali pake bila kuulizwa.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesikia," Mama akasema.

Mume wangu alikuwa amefunika uso kwa daftari la mwanafunzi, mabega yanamtetemeka.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi nimesikia."